Fundi Asiye na Tiketi

"Tisa," alisema Janice, msimamizi wa mafundi, akaigeuza kompyuta ili Sifuna ajionee mwenyewe. "Miezi mitatu, Sifuna. Tiketi tisa."

Sifuna aliitazama ile tisa. Ilikaa peke yake kwenye kisanduku chekundu, na juu yake, kwenye kisanduku cha kijani, ilikaa mia mbili na kumi na nne ya Muasya. Muasya alikuwa fundi wa kompyuta kama yeye, ameajiriwa na kampuni hii hii ya Kilimani, ila alikuwa amepelekwa kuhudumia hoteli, naye Sifuna amepelekwa kwenye duka la mabomba la akina Bhagwanji, River Road. Ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Wenye maduka na mahoteli hawakutaka kuajiri mafundi wao, basi kampuni ikawakodishia. Fundi alikunywa chai kwa mwenye duka, lakini mshahara na bima ya matibabu vilitoka Kilimani.

"Lakini mashine zao hazisumbui," Sifuna alisema. "Hazisumbui kwa vile niko."

"Mimi najua. Madam Hiral wa dukani ndiye hajui. Ameniuliza swali moja tu: hizi pesa tunawalipa, tunapata nini? Anataka report ya value kabla contract iishe September. Sasa nikimwonyesha tisa ataona nini? Ataona mtu wa kukaa."

Janice hakuwa mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema, maana ni rahisi kumchukia mtu ambaye ofisi yake ina zulia. Naye alikuwa na wakubwa wake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kutazama visanduku tangu asubuhi. Alimweleza Sifuna upya, polepole, kama mtu anayemweleza mzazi wake namna ya kutumia simu. Mtu akipata shida na kompyuta anaiandika kwenye tovuti ya kampuni, na hiyo ndiyo tiketi. Fundi anaishughulikia, anaifunga kwa neno "Imetatuliwa", na mwenye shida anampa nyota. Kazi isiyo na tiketi haikufanyika.

"Na ile nafanya kabla mashine iharibike?"

"Hiyo haina column," Janice alisema. "Na usikuje kuniambia eti unafanya na vitu haziko kwa contract. Hiyo ni kuwapea bure. Una wiki saba. Tafuta tiketi."

Sifuna alishuka ngazi akihesabu miaka. Minne River Road, hajawahi kuchelewa, hajawahi kuitwa Jumapili, na sasa usafi wa kazi yake ndio uliokuwa unamshtaki. Alijiona mjinga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua ujinga wenyewe ulianzia wapi.

*

Sifuna na familia yake walikuwa wamepanga vyumba viwili vya uani mtaa wa Mountain View, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Nakhumicha, mkewe, alishona sare za shule barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Tangu Februari alikuwa akikanyaga kwa mguu wa kushoto tu. Goti la kulia lilikuwa limevimba na kuwa gumu, na usiku alilala na mto katikati ya magoti kama mjamzito.

"Baba Valarie, mbona uso umekunja hivyo?"

Akamweleza. Hakumficha, maana Nakhumicha alikuwa hodari wa kunusa jambo lililofichwa. Alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Kwa hivyo ungekuwa fundi mbaya," alisema mwishowe, "saa hii tungekuwa tunakula kuku."

Wakacheka wote wawili. Kisha kicheko kikaisha na wakabaki wanatazama goti, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Bima ilikuwa imekubali kulipia upasuaji, tarehe kumi na nne Oktoba, na barua ya kukubaliwa ilikuwa ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Mkataba wa River Road ukikatika mwisho wa Septemba, Sifuna angekatika nao, na barua ile ingebaki karatasi tu. Daktari alikuwa amesema bila kuzungusha kwamba mwaka mwingine wa kungoja, goti halitakunjika tena.

"Waambie hao watu wako waandike hizo tiketi," Nakhumicha alisema. "Si ni kuandika tu? Philister hawezi kukataa. Huyo mama anakupenda kama ndugu yake."

"Nitamwambia."

"Mwambie kesho. Na unisalimie yeye."

*

Kwenye duka la Bhagwanji hakuna aliyewahi kuandika shida. Kando ya kaunta ya stoo palining'inia kipande cha bomba la chuma, na juu yake kirungu cha kugongea. Mzee Bhagwanji alikitundika mwenyewe zamani, cha kuwaitia wapakiaji, na Sifuna alipokuja kikawa chake. Mlio mmoja, printa ya risiti imekwama. Miwili, mashine imegoma. Mitatu, njoo mbio. Sifuna alikaa kwenye chumba cha juu chenye sakafu ya mbao zilizoachana, na kabla mlio haujafa alikuwa tayari kwenye ngazi. Mara nyingi haukusikika mlio wowote siku nzima, kwa sababu alikuwa na tabia ya kupita asubuhi, kabla wateja hawajajaa, akishika kila mashine, akipuliza vumbi, akibadilisha kilichochoka.

Mgongaji mkuu alikuwa Philister, karani wa stoo, mama wa miaka hamsini na tatu kutoka Siaya, aliyevaa miwani yenye kamba shingoni na kumwita kila mwanamume omera, yaani ndugu. Bomba lolote lililotoka dukani lilipitia kwake. Zamani aliandika kila kitu kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Sifuna ndiye aliyemshawishi aliache. Ilimchukua mwaka mzima. "Sister, weka kwa mashine," alikuwa akimwambia. "Mashine haisahau." Na ili maneno yake yasiwe ya uongo, kila Ijumaa jioni alinakili kazi yote ya Philister kwenye diski ndogo na kuifungia kwenye droo. Hakuna aliyemwagiza, na haikuwa kwenye mkataba.

"Tiketi?" Philister alisema. "Niache kugonga, nishike simu, niandike barua, na wewe uko hapo juu nakuona viatu?"

"Ndivyo wanataka, sister."

"Hata printa?"

"Hata printa. Hasa printa."

Philister alimtazama juu ya miwani. Aliona uso wake, akaacha mzaha. "Ni ya goti la Mama Valarie, si ndiyo? Basi nitaandika, omera. Nionyeshe pa kubonyeza."

Aliandika kweli. Alichapa kwa kidole kimoja, ulimi ukiwa nje kidogo, na kwa wiki mbili tiketi zikapanda hadi kumi na tisa. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Printa ikikwama mkono ulikwenda kwenye bomba kabla ya simu, na Sifuna naye miguu yake ilishuka ngazi kabla hajakumbuka. Akiisha kurekebisha ndipo wote wawili wanashtuka, na kazi yenyewe imekwisha kwenda bure.

"Shida yako wewe unazima moto kabla haujawaka," Muasya alimwambia kwa simu, akicheka. "Nani atakuona? Mimi huiacha iwake kiasi, bro. Watu wakae kwa moshi kidogo. Halafu ndio nafika na maji, wananipigia makofi."

"Hiyo si uharibifu?"

"Si mimi naiharibu. Inajiharibu. Mimi niko tu mbali."

*

Mwisho wa Agosti, kwenye pitapita zake za asubuhi, Sifuna aliona kompyuta ya Philister ikitoa onyo. Diski yake ilikuwa inakufa. Aliliweka sikio juu ya mashine, akasikia ule mkwaruzo mdogo ambao masikio ya watu wengine hayausikii. Diski mpya ilikuwa kwenye droo yake. Siku nyingine zote angengoja Jumamosi mchana, duka likifungwa, abadilishe, na Jumatatu Philister angekuta mashine inaamka haraka kuliko kawaida na asijue kwa nini.

Alisimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi. Alifikiria goti. Alifikiria kisanduku chekundu. Kisha akalifuta lile onyo, akapanguza kioo, akaenda kwenye mashine nyingine.

Ijumaa hiyo hakunakili. Alijiambia kwamba Janice ndiye aliyekataza kufanya vya nje ya mkataba, na ni kweli alikuwa amekataza. Ijumaa iliyofuata hakunakili pia. Ya tatu ilikuwa rahisi zaidi. Kila asubuhi alipita pale, akasikia mkwaruzo umekua, akamsalimia Philister, na Philister akamuuliza goti linaendeleaje.

Diski ilikufa Jumanne, saa nne na robo, duka likiwa limejaa makandarasi. Bomba liligongwa mara tatu. Likagongwa tena mara tatu. Sifuna alikuwa amekwisha kushika bisibisi, lakini alijikaza kwenye kiti, akaita kwa juu, "Sister, andika tiketi!"

"Omera, watu wamejaa!"

"Andika kwanza!"

Wateja waligeuza vichwa. Philister akavaa miwani, akainamia simu, huku mkandarasi mmoja akimuuliza kama kweli ameamua kuchat saa hii. Aibu ilimpanda Philister hadi masikioni. Simu ya Sifuna ilipolia ujumbe umefika, aliteremka. Alibadilisha diski, akarudisha programu na nakala yake ya mwisho, na saa tano na dakika saba mashine ikawaka. Dakika hamsini na mbili. Makandarasi wawili walipiga makofi kweli, kama alivyosema Muasya.

Philister alimpa nyota tano pale pale, hata kabla hajakaa. Hakujua bado kwamba ndani ya mashine ile dunia ilikuwa imeishia wiki tatu nyuma.

"Hii ya juzi mbona siioni?" aliuliza mchana.

"Itarudi, sister. Nitaitafuta."

Na aliitafuta. Jioni ile ile aliipeleka diski iliyokufa kwa fundi mmoja ghorofa ya tatu hapo hapo River Road, Mhindi mzee aliyefungua diski kwa glavu kama daktari. Akaifungua, akamwonyesha mkwaruzo wa duara unaong'aa: hakukuwa na cha kuokoa. "Hii imelia siku nyingi," yule mzee alisema. "Hakuna mtu amesikia?"

*

Hesabu ya stoo ilifanyika wiki iliyofuata, kama kila mwisho wa robo. Mabomba mia moja na sitini ya inchi mbili hayakuwepo rafuni, na mashine haikuonyesha kwamba yametoka. Yalikuwa yametoka ndani ya zile wiki tatu, Philister aliyakumbuka, aliweza hata kutaja lori, lakini nakala za karatasi alikuwa akizitupa kila jioni akishaingiza kazi kwenye kompyuta. Ndivyo alivyokuwa amefundishwa.

Walikutana ofisini kwa Madam Hiral. Alikuwa mjukuu wa mzee, mwanamke wa miaka thelathini, mpole wa sauti, mwenye haraka ya kuelewa kila kitu kwa tarakimu. Mzee Bhagwanji mwenyewe alikaa pembeni na fimbo yake. Philister alisimama. Hakuna aliyemwambia akae, na kiti kilikuwepo.

"Mama Philister, sisemi umeiba," Hiral alisema. "Lakini hundred and sixty pieces. Niandike nini kwa kitabu?"

"Yalienda site ya Kikuyu, mengine Ruaka. Miaka kumi na tisa, madam. Umewahi kusikia bomba langu limepotea?"

"Records ziko wapi?"

Philister akamgeukia Sifuna. Hakumgeukia kwa lawama. Alimgeukia kama mtu anayemgeukia shahidi wake.

"Sifuna," Mzee Bhagwanji aliuliza, akitumia Kiswahili chake cha tangu ujana, "hii mashine kufa ghafla, ama kuonyesha dalili?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angeweza kupita. Aliyaona mambo mawili kwa pamoja: mama huyu aliyesimama, na Biblia kwenye kabati la Mountain View.

"Ilikufa ghafla, mzee."

Mzee aliinamisha kichwa. Philister naye aliinamisha kichwa, kama aliyeambiwa jambo la haki. Akatumwa nyumbani bila malipo mpaka mambo yaeleweke. Alichukua mkoba na mwavuli. Miwani akaisahau kwenye droo ya kaunta, na hakuna aliyethubutu kumkimbilia.

*

Report ilisomwa Kilimani siku ya mwisho ya Septemba, mezani pakiwa na maji ya chupa na mandazi madogo ya kukatwa vipande vinne. Kulikuwa na michoro. Tiketi sitini na tatu, zote kijani, maana tangu siku ya diski Sifuna hakushuka tena ngazi bila tiketi. Ukurasa mzuri kuliko zote ulikuwa wa diski. Janice aliueleza akiwa amesimama: kama duka lingekaa siku nzima bila mashine, kiasi hiki kingepotea, fundi wetu alimaliza kwa dakika hamsini na mbili, toa hiki kwenye hiki, hiyo ndiyo thamani yetu. Katika hesabu ile mabomba hayakuingia, kwa kuwa hayakuwa suala la kompyuta.

"Na hii maoni ya mteja," Hiral alisema, akayasoma mwenyewe kwenye kioo. "'Nyota tano. Huyu fundi ni mtu wetu. Yeye huja hata kabla mashine iharibike.'" Akatabasamu. "Sweet. Nani aliandika?"

Janice akasema ni karani wa stoo, na Hiral akafunga kalamu yake taratibu, akasema sawa, wataendelea mwaka mmoja zaidi.

Nje kwenye ngazi Janice alimpa Sifuna mkono. "Umeona? Ulikuwa na value wakati wote. Ni vile ilikuwa haionekani." Sifuna alisema asante. Alitembea hadi barabarani akiwa na kipande cha andazi mkononi, hajui alikichukua saa ngapi.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki mbili baadaye Nakhumicha alikuwa barazani kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli, kovu limeachwa wazi lipate hewa kama daktari alivyoagiza. Aliweza kulikunja kidogo, na kila alipolikunja alimwita mumewe aone.

Jumamosi hiyo Philister alikuja kumjulia hali. Alileta ndizi na maziwa ya chupa ya lita mbili, akamkumbatia Nakhumicha, akalisifu goti kama mtoto mchanga. Alikuwa amekonda. Mambo yalikuwa bado hayajaeleweka River Road. Walikuwa wamemweka kijana mwingine kwenye kaunta, kwa muda, walisema.

"Hata kama hawanirudishi," alisema, akipokea chai, "wasinitoe na jina la mwizi. Nimekaa kwa choir na hawa watu wa kwetu, omera. Nitasimama wapi?"

Philister akatoa simu kwenye mkoba.

"Halafu kuna hii kitu hunitumia ujumbe kila wiki. Ile tiketi yangu ya mashine kufa. Inaniambia imetatuliwa. Imetatuliwa! Mimi nataka kuwaambia bado, kazi yangu ya wiki tatu bado haijarudi. Nibonyeze wapi?"

"Mwonyeshe basi, Baba Valarie," Nakhumicha alisema. "Mtu amekuja na maziwa yote hii."

Sifuna aliipokea simu. Pa kubonyeza palikuwepo, chini kabisa, kwa maandishi madogo ya samawati: Fungua tena. Angeweza kusema hakuna pa kubonyeza. Nani angejua? Alikaa na ile simu mkononi mpaka kioo kikazima, akakigusa kikawaka tena. Alikuwa amechoka, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo kwa bega moja mwezi mzima. Akabonyeza. Simu ikauliza sababu. Akaandika mstari mmoja, hakuutuma, akamrudishia Philister.

"Soma kwanza, sister. Halafu utume wewe mwenyewe."

Philister aliisogeza simu mbali, akaileta karibu, akapapasa kifuani palipokuwa na kamba zamani. "Miwani niliacha kwa droo ya watu. Mama Valarie, nisomee."

Nakhumicha akaichukua simu, bado anatabasamu kwa ajili ya mgeni.

"'Fundi alijua wiki tatu kabla,'" alisoma kwa sauti, "'akaacha ife ili apate tiketi.'"

Akausoma tena, kimya. Hakumtazama mumewe, wala hakumtazama Philister. Alivuta leso iliyokuwa begani, akaitandaza polepole juu ya goti, akalifunika.